Mtoto wa Nyuma ya Mgomba

Sisi tuliokulia Ngarenaro wakati simu zilipokuwa na tochi na mchezo wa nyoka tu, tunajua jinsi kitabu kimoja cha katuni kilivyoweza kusomwa na mtaa mzima. Kilitoka mwisho wa mwezi. Aliyekinunua alikaa katikati ya kibaraza, wengine tukamzunguka, na wa nyuma kabisa wakapanda juu ya ndoo. Mmoja alisoma kwa sauti. Haikuruhusiwa kufungua ukurasa mwingine mpaka mtoto wa mwisho aseme "tayari." Kama ulikuwa mzito wa kusoma, kama mimi, ulimwachia msomaji maneno na wewe ukabaki na picha. Ndiyo maana picha nilizijua kuliko hadithi. Nilijua hata vitu vya pembeni, kwenye kona ambazo msomaji hana muda nazo.

Kitabu kikimaliza mtaa wetu kilihamia mtaa wa pili kwa kubadilishana na gololi. Baadaye kiliishia kwa muuza karanga. Ungeweza kununua karanga ukakuta zimefungiwa kichwa cha mtu uliyemlilia mwezi uliopita.

Katuni yetu iliitwa Wachunga Ukungu. Ilihusu watu wanaoishi juu mlimani Meru, kule ambako msitu unaisha, ambao badala ya ng'ombe wanachunga ukungu. Jioni wanaushusha vijijini kwa fimbo na miluzi. Mtu aliyepitiwa na ukungu huo hafi wala haumwi. Anasahauliwa tu. Anarudi nyumbani akakuta hajawekewa sahani, mama yake anamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Tulisoma hayo mchana, jua likiwaka, mihogo ya kukaanga mkononi, na bado mtu aliyeketi mwisho wa benchi alijisogeza katikati. Jioni ukungu ulipofunika kilele cha Meru kweli, tulikatisha mchezo wa kombolela tukaingia ndani bila kuitwa. Mama zetu walifurahi. Walidhani tumekuwa na adabu.

Mimi nilikuwa na bahati ambayo wenzangu waliionea wivu. Katuni hiyo ilikuwa ikitengenezwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Aliyebuni hadithi na kuichora kwa penseli alikuwa Kaanaeli, kijana Mmeru kutoka huko juu kwenye migomba na kahawa. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa, na kazi yake mtaani ilikuwa kuwapamba maharusi hina na piko. Kaanaeli alimwona siku moja akimchora biharusi maua mkononi, mstari mwembamba kama unywele usiotetemeka, akamwuliza kama anaweza kutia wino kwenye karatasi. Mama akasema ngozi ya mtu inacheka na kujikuna, karatasi itamshinda nini.

Basi ikawa hivyo. Kaanaeli alichora kwa penseli chumbani kwake, akaleta kurasa kwetu ndani ya bahasha kubwa. Mama aliketi mezani karibu na dirisha na brashi yake ya piko, akafuata ile mistari kwa wino mweusi. Wino ukikauka, alipitisha raba juu ya ukurasa mzima. Penseli yote ilifutika ikabaki kazi yake peke yake. Nilipenda sana hatua hiyo. Ukurasa ulitoka ukiwa msafi kama umeoga, na mezani ulibaki unga wa raba ambao sisi tuliupuliza. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, alisema hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuiona ambayo ukishaimaliza unafuta ushahidi.

Kulikuwa na desturi moja. Kaanaeli hakuweza kubuni sura. Milima aliweza, majumba aliweza, lakini sura ya mtu ilibidi aitoe kwa mtu. Na hakuiba. Alikwenda kwa mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, naomba sura." Kama utapitiwa na ukungu alikwambia mapema, ukubali au ukatae. Muuza chipsi wa kona alikubali kuwa mkuu wa wachunga ukungu, na watoto wakawa wanatoka hadi Kwa Mrombo kuja kumwangalia akigeuza viazi. Wengine walimsalimu kwa mbali wakakimbia. Muuza nyama alikasirika kwa sababu ya pua.

"Hii pua ni ya nani?" aliuliza, kitabu kikiwa juu ya gogo pamoja na mbavu.

"Ni yako, mzee wangu," Kaanaeli akamjibu.

"Yangu haifiki hapa. Hapa umeifikisha Moshi."

Sisi watoto tulimfuata Kaanaeli barabara nzima, "Kaka, nichore na mimi." Alisema subirini mkue, sura zenu hazijatulia. Katuni ile haikuwa na watoto. Aliogopa kuchora mtoto akisahauliwa. Alisema akifanya hivyo, kwao mama yake asingemruhusu aingie ndani.

Ndiyo maana yule mtoto alipotokea, nilimwona haraka.

Mara ya kwanza alikuwa mdogo kama punje ya hindi, nyuma ya mgomba, kwenye kisanduku cha picha ambamo wanakijiji wanakimbia. Nilidhani ni jani. Mwezi uliofuata alikuwepo tena, pembeni ya mlango. Mwezi mwingine, kisimani. Kila mara alikuwa amesogea kidogo. Na kulikuwa na jambo ambalo Neema, rafiki yangu, ndiye aliyelisema: kwenye kila kisanduku watu wote wanatazama ukungu. Yeye anatutazama sisi.

Baada ya hapo Neema hakusoma tena bila kufunika kona za ukurasa kwa kidole gumba. Alikuwa akifunua pole pole, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunua sufuria yenye kitu kilicho hai.

Rajabu, aliyekuwa mkubwa wetu, alijifanya anajua. "Huyo ni mtoto wa wale wachungaji. Ametumwa kuhesabu watu."

"Mbona shati lake limefungwa vibaya?" nikauliza. Kifungo cha kwanza kilikuwa kwenye tundu la pili, bega moja likawa juu.

"We Zuhu, huko mlimani kuna vioo?"

Tukacheka. Lakini mchezo ukaanzia hapo. Kitabu kikitoka, kabla ya kusoma neno, watoto wote waliinama kumtafuta. Walikuja hodi nyumbani kwetu, wamenawa miguu. "Shikamoo mama. Eti yule mtoto atachukuliwa na ukungu lini?" Mama aliitikia marahaba akasema hajui, na akaingia jikoni. Nilimwona akishika ukingo wa kabati kwa muda.

Mimi nilijua nilikuwa na kaka aliyefariki kabla sijazaliwa, huko Kondoa, wazazi wangu kabla hawajahamia Arusha. Nilijua jina lake ni Shabani na kwamba ilikuwa homa. Zaidi ya hapo sikujua, kwa sababu nyumbani hakutajwa, na picha yake haikuwepo. Mpiga picha alitegemewa kupita sikukuu ya Idi. Homa ikatangulia.

Katika miezi hiyo mama alibadilika kidogo. Akawa anaimba akiwa mezani. Akipika, alipakua chakula kwenye bakuli lenye mfuniko akanituma nipeleke kwa Kaanaeli, mlenda na ugali wa uwele, vitu ambavyo Mmeru wa watu hakuwa amevizoea, lakini alirudisha bakuli tupu, na siku nyingine akarudisha likiwa na ndizi za machalari. Walikuwa watu wa staha. Kila mmoja alikuwa na neno moyoni na kila mmoja aliona si vizuri kulianza.

Alilianza mama. Kaanaeli alikuja mchana kuchukua kurasa zilizokuwa tayari. Baba alikuwa amerudi kula. Mama alimkabidhi bahasha akaishikilia kidogo upande wake.

"Kaka Kaanaeli, mimi sina cha kukulipa. Asante kwa Shabani."

"Shabani yupi, Mama Zuhura?"

"Mwanangu. Huyu." Akatoa ukurasa wa juu akaweka kidole.

Kaanaeli akaangalia kidole, kisha akamwangalia mama. "Mimi nilidhani unamchora wewe."

"Mimi?"

"Ukitia wino. Niliona kitabu kimetoka na mtoto ambaye sikumweka. Nikasema huyu mama ana jambo lake, nisimwulize."

"Kaka, mimi najua maua na majani. Tangu lini nimechora mtu? Nafuata penseli yako."

"Penseli yangu haijawahi kumchora mtoto."

Wote wakainama mezani. Nami niliinama. Ukurasa ulikuwa mweupe na mweusi, safi, umeshapitiwa na raba. Kama penseli ilikuwepo chini ya yule mtoto, au haikuwepo, hakuna ambaye angejua tena. Unga wa raba ulikuwa bado mezani. Baba aliugusa kwa ncha ya kidole, kana kwamba ungeweza kusema kitu.

"Uliwahi kumwambia Shabani alivyokuwa?" baba akamwuliza mama.

"Sijamwambia mtu yeyote. Hata huyu Zuhura sijamwambia."

"Na ni yeye?"

"Baba Zuhura, angalia shati."

Baba aliangalia. Halafu akatoka nje, na chakula chake kikapoa.

Siku zilizofuata Kaanaeli hakuchora. Alikuja jioni moja, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini. Alisema hawezi kuendelea hivyo. "Kila sura ninayochora nimeiomba. Hii nimwombe nani?"

"Mwombe mama yake," baba akasema.

"Siyo hilo tu. Hadithi yangu inakwenda mahali pabaya. Toleo lijalo ukungu unashuka mpaka kisimani. Na yeye anasimama kisimani."

"Basi usiushushe," mama akasema.

"Watu wanausubiri, dada yangu. Tangu mwaka jana nawaambia unakuja."

"Waache wasubiri."

Baba ndiye aliyetoa shauri. Sasa ninapokumbuka naona hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na hofu na mkewe, na hofu yake aliishughulikia kama alivyoshughulikia geti, kwa kutafuta mahali lilipoachia. Alisema wakae wote pamoja mezani, mchana, jua likiwepo. Kaanaeli achore mbele yao. Mama atie wino mbele yao. Kila ukurasa upite mikononi mwa kila mtu kabla ya raba. Akitokea, itajulikana ametoka kwa nani. "Na kama ni mkono wako, Mama Zuhura, hakuna wa kukulaumu. Tutajua tu."

"Mkijua itawasaidia nini?"

"Tutalala."

"Mimi nalala," mama akasema. "Tangu aanze kuja, mimi ndiyo nalala. Yupo. Mnataka nini zaidi? Msimchunguze."

Lakini walikuwa wawili, na yeye alikuwa mmoja, na katuni ilikuwa ya Kaanaeli. Alikubali.

Ilikuwa Jumamosi. Mlango uliachwa wazi, Neema na Rajabu wakakaa kizingitini wakijifanya wanamenya machungwa. Kaanaeli alichora kwa penseli, na sikuwahi kumwona akichora vibaya hivyo. Aliinua mkono kila mara kutazama alichokiacha. Alipofika kisimani alichora kisima, ndoo, kamba na mgomba. Ukurasa ukapita kwa baba, kwa mama, kwangu. Hapakuwa na mtoto. Mama akachukua brashi. Alifuata mistari kama siku zote, bila haraka, lakini hakuimba. Tulimtazama mkono wake. Sote tulikuwa tukiutazama mkono ule kama unavyomtazama mtu unayemshuku dukani, na yeye alijua.

Alipofikia mgomba alisimamisha brashi. Nilihisi ubaridi kwenye shingo, na wala mlango haukuwa upande huo. Nyuma ya mgomba palikuwa na nafasi nyeupe. Mama aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu, midomo ikitembea kidogo. Nadhani alikuwa akimwita. Kisha akachovya wino, akamaliza majani, akaupitisha ukurasa. Baba aliukagua, Kaanaeli akaukagua. Raba ikapita.

Hakuwepo kisimani. Hakuwepo mlangoni, wala penginepo kwenye kurasa zote za siku ile.

"Basi," baba akasema, akavuta pumzi. "Limekwisha."

Mama alipuliza unga wa raba mwenyewe, akakunja kitambaa cha brashi. "Ndiyo," akasema. "Mmemfukuza."

Kitabu kilipotoka, watoto waliinama kama kawaida. Walitafuta ukurasa hadi ukurasa, wakarudia, wakageuza kitabu juu chini. Rajabu ndiye aliyetoa hukumu. "Ukungu umempitia." Wakahuzunika kwa muda wa kula muwa mmoja. Toleo lililofuata wachache walimtafuta. Baada ya hapo hakuna aliyemtafuta, na nilipomtaja, mtoto mmoja ambaye tulikuwa tunasoma naye tangu mwanzo alinitazama usoni akaniuliza, "Mtoto gani?"

Sikufikiri alikuwa ananitania. Nilikimbia nyumbani.

Mama aliendelea kutia wino. Aliomba kurasa ziletwe kama zamani, kwa bahasha, na afanye peke yake, mlango umefungwa. Kaanaeli alimkubalia kila alichotaka. Mtoto hakuja. Nilimwona mama mara kadhaa akijaribu kumchora mwenyewe kwenye karatasi za pembeni, lakini mkono uliojua maua ulitoa duara lenye macho, kama mtoto mchanga wa mtu yeyote. Alizichana karatasi hizo vipande vidogo sana.

Wachunga Ukungu haikufika mbali baada ya hapo. Kaanaeli aliamua mwenyewe kuacha. Siku aliyokuja kuaga, akirudi kwao kulima, alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni akamwambia mama jambo moja. Alisema katika miezi ile yote hakumchora mtoto, hilo angeapa nalo kanisani. Ila alikuwa akiacha nafasi. Kila alipochora mgomba, mlango au kisima aliacha nafasi nyeupe kando yake, yenye ukubwa wa mtu mfupi, na hakujua kwa nini. "Siku ile mezani pia niliiacha," akasema. "Lakini tulikuwa wengi."

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa kwenye meza ya mama nikajifunza brashi. Sasa nachora mwenyewe, na watu wananisoma. Siku hizi hakuna karatasi. Nachora kwenye kioo, kwa kalamu isiyo na wino. Penseli ina tabaka lake, wino una tabaka lake, na hakuna kinachofutika. Nikitaka naweza kurudi nyuma nikaona kila mstari, nani aliuweka na saa ngapi. Wasomaji wangu ni vijana wazuri, wananitumia mioyo na vicheko kabla sijaweka chai mdomoni. Lakini wanasoma kwa kidole gumba, wanasukuma juu, kisanduku kinapita kama mtu aliye kwenye pikipiki. Nimewahi kuweka kosa la wazi kwenye kona, mtu mwenye mikono mitatu, kujaribu tu. Hakuna aliyeniuliza. Sisi tungekesha na ule mkono wa tatu. Tungeupa jina.

Sisemi wao ni wabaya. Nasema tu kwamba katuni yao haiwezi kuingiwa na mtu. Kila kilichomo kimewekwa.

Vile vitabu vya zamani mama anavyo bado, vile vyenye mtoto, vimefungwa kwenye kanga. Vilichapwa kwa karatasi ya gazeti, na wino wa gazeti hutoka kidoleni. Miaka yote hii amekuwa akimgusa. Mwezi uliopita alinifungulia nione. Mgomba upo, kisima kipo, mlango upo, na pale alipokuwa pamebaki doa la kijivu, laini, kama pumzi kwenye kioo.

"Wewe ulimwona," akaniambia. "Macho yako yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Nichoree."

Kaka yangu sikumwona popote pengine isipokuwa pale. Nilichora polepole, siku nyingi. Niliweka bega lililo juu, kifungo kwenye tundu la pili, macho yanayomtazama anayetazama. Mimi ni mchoraji sasa, najua ninachokifanya, na nakwambia alifanana. Niliichapa kwenye karatasi nzuri nikampelekea.

Mama alivaa miwani. Alikaa na picha ile mpaka chai ikapoa, kisha akanishika mkono, ule wa kuchorea, akaupapasa kama anavyowapapasa maharusi kabla ya kuanza.

"Ni mzuri sana, mwanangu," akasema. "Lakini huyu umemchora wewe."